Kumshikia Mtu Mtoto

Nilichoshwa na lile swali kabla hata hatujafika kortini. Eti msichana wetu aliiba mtoto? Afande aliniuliza, majirani wakaniuliza, hata mama wa chapati nje ya kituo. Jameni! Msichana wa kaka yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa mdogo, ana miaka kumi na sita ya mwili tu. Akili yake ni ya mtoto wa nasari. Ukimuuliza jambo anasema ndiyo, kwa sababu tulimfunza mtu mkubwa habishiwi.

Na wapangaji wote wa ploti yetu hapa Shauri Moyo wanajua kazi yake. Mwanamke akianza kufua, anamkabidhi msichana wetu mtoto ambebe. Anamfunga leso mgongoni, anamtembeza mpaka analala. Hajawahi kumwangusha hata mmoja.

Sasa akaja mpangaji mpya asiyetujua. Siku hiyo alimwacha mtoto wake amelala peke yake, akakimbia soko la Gikomba kupanga mitumba, akidhani atarudi kabla hajaamka. Mtoto akaamka, akalia. Msichana wetu akamsikia, akaingia, akambeba. Watu wakamkuta barabarani na mtoto asiye wake, wakaanza kumpiga. Polisi wakamwokoa, halafu wakamfungulia mashtaka.

"Uliiba mtoto?"

"Ndiyo."

Basi, upelelezi ukaishia hapo! Nilimwambia yule afande kwamba hata akimuuliza kama ameiba kituo cha polisi, atakubali. Akaniambia nisimfundishe kazi. Msichana akapelekwa rimandi kungoja kesi, akakonda huko, kila siku anauliza nani anambeba mtoto wa jirani.

Kortini, hakimu alimuuliza mwenyewe.

"Ulimchukua mtoto?"

"Ndiyo."

Nikafumba macho. Ameenda huyu, nikasema moyoni.

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

Hapo kujibu ndiyo tu kusingemsaidia.

"Kwa mamake. Gikomba. Alikuwa anasikia njaa."

Aki nilitaka kupiga nduru! Watu wote hao, na sare zao na mafaili yao, hakuna aliyemuuliza hivyo. Mama mwenye mtoto akainamisha kichwa, akasema hataki kesi tena. Hakimu akaifunga kesi, tukarudi naye nyumbani.

Jumamosi jirani mwingine, wa siku zote, alikuja mlangoni na beseni la nguo, akamnyooshea mtoto wake kama kawaida. Mtoto akacheka, akataka kumrukia. Msichana wetu akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.

"Usinipe," akasema. "Mimi naiba watoto."