Kitabu Tulichokizika Runazi

Simu ilinikuta stendi ya Ngara, nikibishana na bodaboda. "Baba ametutoka," alisema binti wa rafiki yangu, akakata. Nilikaa juu ya pikipiki ya watu bila kusema twende wala nashuka, mpaka dereva akaniuliza, "Mzee, tunaenda au hatuendi?" Tulienda. Wasomaji wa safu hii mtamkumbuka: ndiye yule mwalimu mstaafu wa Runazi niliyezoea kumtania hapa kuwa anakusanya vitabu bila kuvichukua. Alikuwa anatengeneza bibliografia ya mtandaoni ya kila kilichowahi kuchapwa kwa Kihangaza na Kisubi, hadithi, nyimbo za kanisani, hata vijarida. Unaandika neno moja kwenye simu, inakuletea jina la kitabu, mwandishi, kurasa zake, na mstari wa mwisho alioupenda kuliko yote: nakala iko wapi. Kitabu hakikuingia humo mpaka akishike kwa mkono wake. "Cha kusikia si kitabu," alikuwa akisema, "ni umbea."

Sasa, sisi wa familia za Kiislamu za hapa mjini maiti wetu haendi na kitu. Lakini kanisani kwao mwalimu, mzee akifa huwekewa kifuani kitabu alichokipenda, ndipo jeneza lifungwe. Desturi nzuri, ila yeye iliyomkosesha usingizi ni hiyo hiyo, maana vitabu vya zamani vimebaki kwa wazee, na wakifa vinazikwa nao. Siku moja tulikuwa msibani Nyabusozi, mchungaji ameshainua mkono, mara mwalimu kasogea jenezani na simu yake: "Samahanini jamani, nipeni nafasi kidogo nikipige picha kitabu hicho." Lahaula! Wanawake waliguna, mjomba wa marehemu akamuuliza kama kwao hawafundishwi adabu. Nilimvuta koti, hakuvutika. Alipiga picha zake, akashukuru, akachukua koleo akafukia kaburi kwa bidii kuliko wenye msiba. Njiani akaniambia, "Wewe unawaonea haya waliopo. Mimi nawaonea haya watakaokuja kutafuta wakakosa."

Basi siku ya kumzika yeye mwenyewe, mchungaji akauliza, "Kitabu chake kiko wapi?" Binti yake alikuwa hajiwezi kwa kilio. Mimi, rafiki wa marehemu na mjuaji wa desturi za watu, nikaingia ndani. Pembeni ya kompyuta nilikuta kijitabu cha hadithi za Kisubi, kimechakaa, kimefungwa vizuri ndani ya kitenge. Nikajua ndicho kipenzi chake. Nilikilaza kifuani kwa mkono wangu, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nami, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa. Wa kutuzuia alikuwa mmoja tu, naye ndiye tuliyekuwa tunamfunika.

Matanga hayajaisha, akaja bibi mmoja kutoka Nyabusozi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Nimefuata kitabu cha marehemu mume wangu. Zile hadithi alizitunga yeye. Mwalimu alisema akimaliza kukipiga picha anarudisha."

Binti alinitazama, kisha akafungua simu ya baba yake. Mwalimu alikuwa amepiga ukurasa wa kwanza tu. Nikamweleza bibi kilipolazwa, kisha nikauliza, kama mpumbavu, "Bibi, kingine kipo?"

"Kingine kingekuwepo, ningekifunga kwa kitenge changu cha harusi?"

Mtu mmoja alinong'ona habari ya kufukua. Bibi akakataa katakata. "Mwacheni mwalimu apumzike. Hafukuliwi mtu kwa ajili ya karatasi." Halafu akasema polepole, "Ila mume wangu sasa atasomwa na nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Naona haya hadi leo ninapoandika, wala sitaki mniliwaze. Hivi ndivyo tulivyo: tunamsifu mtu kwa kazi yake bila kujua anaifanyaje, akifa tunampa heshima ya kuonekana na watu, na heshima hiyo inaibomoa kazi ile ile. Maneno mazuri kaburini nilikuwa nayo tele. Swali moja, "hiki ni cha nani?", halikunijia.

Binti ameamua kuendeleza kazi ya baba yake. Juzi niliandika jina la mume wa bibi kwenye simu yangu, nikitumaini nitakosa. Likaja upesi, na jina la kitabu, na ule ukurasa mmoja. Chini yake, pale pa kusema nakala iko wapi, binti ameandika: Runazi, kifuani kwa baba.