Gauni la Bluu Kizimbani

Watu wa nyumba ile walimwita Shangazi, ingawa hakuwa dada wa baba wa mtu yeyote mle ndani. Alikuja kama mpishi, pacha wakiwa bado wanatambaa. Mmoja wao alipoanza kusema akamwita hivyo, na jina likaganda. Mama yao, Mama Pacha, alilipenda sana jina lile. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu si mfanyakazi, huyu ni shangazi yetu," na huyo shangazi yao amesimama na sinia mkononi, anangoja kuambiwa chai aiweke wapi.

Mbwa alikuja baadaye. Alikuwa kitoto cheupe chenye doa jeusi juu ya jicho moja, pacha wakamwita Kiraka. Waliapa kwamba watamlisha na kumwogesha wenyewe, na kweli walifanya hivyo mpaka upya ulipoisha. Baada ya hapo Kiraka akawa wa Shangazi kama masufuria ya jikoni yalivyokuwa ya Shangazi: si mali yake, ila asipoyashika yeye hayashikwi. Alimchemshia chakula, akamtoa kupe masikioni, akalala naye sakafuni siku radi zilipopiga. Mbwa naye alimfuata kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, na kutoka kwenye kamba hadi getini, mpaka mlinzi akawa anamtania.

"Shangazi, mumeo ana wivu! Kukusalimia tu, nimeonyeshwa meno."

"Mwenzio anaoga kila wiki," alijibu Shangazi. "Wewe je?"

Kisha Baba Pacha akapata kazi nje ya nchi, akatangulia. Siku moja Mama Pacha aliingia jikoni, akavuta kigoda, akaketi. Hakuwahi kuketi mle kabla ya siku hiyo. Akasema wanahama wote, na nyumba itarudishwa kwa mwenyewe.

Shangazi alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Na mimi?"

"Wewe nikuache na nani? Tunakwenda na wewe. Watoto bila wewe hawalali, Kiraka bila wewe hali. Anza kujiandaa, hayo mengine niachie mimi."

Basi akajiandaa. Nyuma ya soko alikuwa na chumba cha kupanga, alimokuwa akilala siku zake za mapumziko. Kilikuwa na kitanda cha mbao nzito, kabati la vyombo, na sufuria moja kubwa aliyojinunulia mwenyewe, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Huko ndiko alikoitwa kwa jina lake. Akarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, na kabla vumbi la kufagia halijatulia mpangaji mwingine alikuwa ameshaingia na godoro kichwani. Kitanda, kabati na vyombo akampa mdogo wake.

"Dada, una hakika?" mdogo wake aliuliza, huku ameshaikumbatia sufuria.

"Sasa niipeleke wapi? Niipakate kwenye ndege?"

Habari zikaenea. Mlinzi akaacha kumwita Shangazi, akaanza kumwita Abiria. "Abiria, umeamkaje? Abiria, huko baridi, utapikaje na glovu?" Shangazi alijifanya kukasirika, lakini akifika jikoni alicheka peke yake.

Kazi kubwa aliyopewa ilikuwa kumfundisha mbwa. Kililetwa kizimba cha plastiki chenye mlango wa nondo nyembamba, kikawekwa kwenye korido. Daktari wa mifugo alisema mbwa asisukumwe ndani hata mara moja, maana akisukumwa atakiogopa, na mbwa mwenye hofu anaweza kujiumiza njiani. Lazima azoeshwe pole pole na mtu anayemwamini.

Shangazi aliweka sahani ya chakula mlangoni mwa kizimba, kesho yake akaisogeza ndani kidogo, halafu ndani zaidi. Kiraka alinyoosha shingo, akachota tonge, akarudi nyuma mbio kama mwizi. Siku alipogoma kabisa, Shangazi alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega yake mwenyewe mle ndani, makalio yamebaki koridoni, akasema, "Kiraka, twende!" Pacha walicheka hadi wakakaa chini. Lakini mbwa aliingia, akajibana ubavuni kwake, akalamba sikio lake. Tangu hapo wakawa wanaingia hivyo, wote wawili, mpaka ikafika siku neno lile peke yake likatosha. Mlango ukaanza kufungwa kidogo, kisha kwa muda wa kuosha vyombo, kisha kwa muda wa kupika chakula kizima. Kiraka alilala mle akimsikiliza, na macho yake hayakuwa na wasiwasi.

Wakati huo mbwa alipigwa chanjo, akatiwa chipu ya utambulisho chini ya ngozi ya shingo, akapimwa damu, akapata karatasi zake zenye mihuri.

"Na mimi picha ya pasipoti nipige lini?" Shangazi aliuliza.

"Baadaye, Shangazi. Tumalize kwanza ya mbwa, ndiyo ngumu."

Akaamini. Mtu aliyekubebesha watoto wake tangu wananyonya, utamwita mwongo kwa lipi?

Wiki ya mwisho Mama Pacha alimkuta anakusanya nguo za kufua.

"Shangazi, lile gauni lako la bluu la nyumbani, usilifue. Livae tu, pika nalo, lala nalo. Tutamtandikia Kiraka kizimbani. Daktari anasema akisikia harufu yako atatulia, njiani na hata tukifika."

Shangazi alibaki na gauni mkononi.

"Tukifika, anusie gauni la nini? Si nitakuwepo mwenyewe?"

Mama Pacha akatazama dirishani, na jibu likawa limeshapatikana.

"Shangazi, mambo ya viza ni magumu. Wanataka hiki, wanataka kile..."

"Waliniuliza nini mimi nikashindwa kujibu? Nani alinipeleka kuulizwa?"

Mama Pacha aliokota soksi ya mtoto sakafuni, akaikunja.

"Hukuniombea."

"Tuliangalia tu, tukaona haitawezekana."

"Lini?"

Mama Pacha aliingiza mikono mifukoni, akaitoa. "Muda kidogo. Kabla kizimba hakijaletwa." Kisha akaongeza upesi, kana kwamba litasaidia, "Niliogopa ukijua utavunjika moyo, na Kiraka asingepata mtu wa kumfundisha."

Shangazi alikaa juu ya rundo la nguo. Alikumbuka magoti yake kwenye sakafu ya korido, na vicheko vya watoto, na yeye akisema twende, twende. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akageuza shavu la pili apakwe.

"Chumba changu nimerudisha," alisema.

"Pole, Shangazi. Tutakuangalia, hatutakuacha hivi hivi. Wewe ni familia."

Alipotoka, Shangazi alichukua gauni la bluu, akaliloweka kwenye sabuni ya unga hadi povu likamfika viwikoni. Akalisugua, akalisuuza, akalisugua tena, akalianika juani. Kama hawamtaki yeye, harufu yake wanaitakia nini? Lilipokauka akalikunja vizuri, akalitandika kizimbani. Mama Pacha alimshukuru.

Siku ya safari gari la kuchukua wanyama lilisimama getini, na dereva akakileta kizimba uani. Kiraka alikuja kwa mbio, akaingiza pua, akanusa gauni. Akapiga chafya. Akarudi nyuma, mkia katikati ya miguu. Pacha walimwita, akagoma. Mama Pacha akamwonyesha kipande cha nyama, akageuza uso. Dereva akasema, "Mama, ndege haimsubiri mbwa," akamshika ukosi amsukume, na Kiraka akalia kilio ambacho Shangazi hakuwahi kukisikia, hata siku za radi.

"Shangazi, nakuomba," Mama Pacha alisema, machozi yanamtoka. "Usimfanyie hivi."

Nani anamfanyia nani? Neno lilimfika kooni akalimeza, kwa sababu mbwa alikuwa anamtazama yeye. Sabuni aliyomkusudia Mama Pacha ilikuwa imemfika Kiraka. Akapiga magoti juu ya saruji. Akavua kitambaa alichojifunga kichwani, akakitandika juu ya gauni, akaingiza kichwa na mabega. "Kiraka," alisema. "Twende."

Akaja. Akajibana ubavuni kwake, akalamba sikio. Shangazi akajirudisha nyuma polepole, kama walivyozoea, akafunga mlango na kusukuma komeo. Mkono uliomfungia haukuwa wa Mama Pacha. Kiraka alilaza kidevu juu ya kitambaa na kumtazama kwenye nondo, macho yake hayana wasiwasi wowote.

Gari lilipoondoka, mlinzi alimfungulia geti. Hakumwita Abiria. Alisema, "Shangazi, pole," na hilo ndilo lililomtoa machozi.

Sasa analala kwenye kochi sebuleni kwa mdogo wake. Kitanda chake kiko chumba cha pili, ndicho anacholalia shemeji yake. Anapakuliwa chakula kutoka kwenye sufuria yake mwenyewe, na akiongeza anasema samahani.

Simu ililia wakiwa mezani. Ilikuwa ya video. Mama Pacha alionekana amevaa sweta, macho yamevimba.

"Shangazi, mzima? Kiraka hali. Tangu tufike amelala mlangoni, mtu akipita nje anasimama, akiona si wewe analala tena. Daktari wa huku anasema asikie sauti yako. Mwambie tu ale."

Hakuuliza Shangazi analala wapi. Pacha mmoja alishusha simu sakafuni. Akaonekana Kiraka, mbavu zimetoka, kitambaa cha kichwa chini ya kidevu chake.

"Kiraka," Shangazi alisema.

Masikio yakasimama. Mbwa aliinuka, akatazama mlango.

"Si huko. Huku. Nisikilize, baba. Mimi siji. Siko njiani, sijachelewa, siji kabisa. Nilikwambia twende nikiwa najua siendi. Usiukalie huo mlango. Inuka ule."

"Shangazi!" sauti ya Mama Pacha ilipaa. "Usimwambie hivyo, anaelewa!"

"Ndiyo maana namwambia."

"Lakini ungesema tu unakuja, angekula..."

Shangazi akakata simu.

Mdogo wake alikuwa ameacha kula. "Amekula?"

"Sijui." Alisukuma sahani. "Kesho natafuta chumba. Hiyo sufuria uioshe, naondoka nayo."