Maziwa Aliyoniletea Ghati

Hapa Bugwema kila mtu anajua kwamba mama mkwe wangu, Ghati, hajui kunyima wala kunyamaza. Alifiwa na mume akiwa na watoto wanne na ng'ombe watatu, akawalea watoto kwa maziwa na jembe. Siku niliyoolewa na mwanawe Enos, alinitania kwamba nina miguu ya korongo. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

Mimba yangu ilipofika mwezi wa tano, ng'ombe wake mwekundu alitupa ndama kabla ya siku zake. Maziwa yakakosa mnyonyaji, basi Ghati akayafanya yangu. Kila asubuhi aliniletea kikombe kikubwa, bado yana joto la kiwele. Nikawasha moto niyachemshe, akanifokea.

"Weka sufuria chini, Boke. Ukichemshaga maziwa, kiwele kinakaukaga. Mimi wote wanne nimewazaa kwa mabichi."

Nikanywa. Tena niseme ukweli, niliyafurahia.

Baada ya wiki kadhaa zikaja homa za jioni, jasho, viungo kuuma. Mtoto nilimpotezea hospitalini Musoma. Alikuwa wa kike. Daktari alipima damu yangu, akasema ni bakteria wa homa ya kutupa mimba, na njia yao ni maziwa mabichi. Nilimsihi Enos asimwambie mama yake. Nyumbani nikawa nachemsha maziwa yote kwa ukali, nikisema daktari ameagiza, na Ghati akanuna weee mpaka akachoka.

Enos alimwita bwana mifugo apime ng'ombe. Bwana mifugo aliporudi na majibu, hakujua kwamba tuna siri.

"Huyu mwekundu ana ule ugonjwa wa kutupa mimba. Maziwa yake nani alikunywa mabichi?"

Ghati alinigeukia taratibu.

"Boke, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu hospitali?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nalia.

"Mwezi mzima nakaa hapa nalaani waliomroga mjukuu wangu," akasema, "na wewe unaniitikia tu, unanipakulia na ugali."

Nikaunyoosha mkono nimshike. Akasogea pembeni.

"Niache, mwanangu. Kumbe ni mimi niliyemnywesha."