Farasi wa Marehemu Dada

Ukitaka kumjua mama dobi huyu, mtazame anapoanika. Shuka hulikung'uta mara moja tu, akalibana kambani na kusogea kwa linalofuata, na muda wote huo mdomo haupumziki. Wateja wake husema nguo zikitoka kwake huwa zimetakata na zimeshasikia habari zote za mtaa. Lakini kuna kipindi alianika akiwa kimya kama maji ya mtungi, na wasiojua walidhani anaumwa jino.

Alifulia chini na kuanika juu ya paa, ghorofa ya tatu. Kutoka pale juu, na hapakuwa na mahali pengine, uliweza kuona ndani ya uwanja wa shemeji yake. Kwingine kote kulikuwa na ukuta mrefu na geti la bati. Ndani ya uwanja huo alisimama farasi.

Shemeji alikuwa mume wa marehemu dada yake. Wawili hao walikuwa na gari la farasi la kukodisha kwa maharusi. Mume aliendesha, mke alilisha, alichana nywele za shingoni na kupiga soga na mnyama kama anapiga soga na shoga yake. Farasi mwenyewe alikuwa mzito wa kuondoka. Akishavalishwa hatamu alisimama tu, kama anasubiri kukaribishwa jukwaani, ndiyo maana dada akamwita Mheshimiwa. Mume angevuta kamba mpaka jasho limtoke, kisha mke angesema taratibu, "Mheshimiwa, twende, watu wanasubiri," na mguu ungenyanyuka. Majirani walimtania mume kwamba nyumbani kwake mheshimiwa ni mmoja tu, na si yeye.

Dada aliugua ghafla, akaondoka ghafla. Msiba ulipotulia, dobi alikwenda kumjulia hali shemeji yake. Alisimama nje ya geti akasema, "Hodi, shemeji." Geti likafunguliwa kwa pupa. Shemeji alimtazama, uso ukamporomoka, akasema, "Usije tena hapa," akafunga.

Dobi alirudi kwake machozi yakimlengalenga. Akasusa, na watu wa ukoo ule wakisusa wamesusa. Mama yake alimwambia amwache, kila mtu ana namna yake ya kulia. Dobi akakishika kisingizio hicho kwa mikono miwili.

Sasa, dobi na marehemu dada yake walifanana sauti kupita kiasi. Enzi za uchumba, shemeji aliwahi kumaliza maneno yake yote matamu kwenye simu ndipo akaambiwa anaongea na mdogo mtu. Familia ilicheka jambo hilo miaka na miaka. Halikumchekesha dobi asubuhi ile aliyokuwa juu ya paa akilalamika peke yake kuhusu mawingu. Kule chini farasi alinyanyua kichwa. Alitazama huku na huku, masikio yamesimama, akaanza kuzunguka uwanja akimtafuta mtu.

Dobi aliacha kulalamika, akasogea ukingoni mwa paa. Ndipo alipomwangalia vizuri yule mnyama, akaona mbavu. Tangu siku hiyo alianika bila kutoa neno, na bado kila alipopiga chafya au kukohoa, kichwa kile kilinyanyuka. Akaanza kukiota. Majani yaliletwa siku moja moja, kisha yakaacha kuletwa. Shemeji alikuwa hatoki tena nyumbani.

Siku kidonda cha begani kilipoanza kufuatwa na nzi, alipiga simu ofisi ya ustawi wa wanyama.

"Ni mbwa?" mpokea simu aliuliza.

"Ni farasi."

"Farasi wa kweli?"

"Dada yangu, ningekuwa na muda wa utani ningempigia mume wangu."

"Haya. Ana hali gani?"

Dobi alieleza: mbavu, kidonda, kwato zilizoota mpaka zikajikunja mbele, ndoo ya maji yenye ukijani.

"Na unamwona ukiwa wapi?"

Dobi alitazama chini uwanjani. Akijibu, shemeji angejua nani amemshtaki, na uzi mwembamba uliobaki kati yake na nyumba ya dada yake ungekatika kabisa. Tena angekuwa amemtoa kwa mikono ya serikali kiumbe cha mwisho ambacho dada yake alikipenda na kilikuwa bado kinapumua.

"Juu ya paa langu," alisema.

Walikuja na lori, na afisa mwanamke mwenye buti za mpira. Dobi alijificha nyuma ya shuka. Shemeji alifungua geti bila ubishi, na dobi alishtuka kumwona: shati lilimning'inia mabegani, kola imeota weusi, uso wote ni mifupa. Kwa miezi yote hiyo dobi alikuwa akihesabu mbavu za farasi tu.

Mheshimiwa aligoma. Walivuta, wakasukuma, wakabembeleza kwa ndoo ya pumba. Miguu ilitetemeka tu.

"Akianguka hapa hatanyanyuka," afisa alisema. Kisha akatazama juu. "Mama, wewe uliyepiga simu, kuna mtu anayemsikiliza huyu?"

Dobi alimlaani kimoyomoyo. Shemeji naye alikuwa ametazama juu.

Alishuka ngazi, akaingia getini bila kubisha, akasimama kando ya ubao wa kupandia lori. "Mheshimiwa," alisema, "twende, watu wanasubiri."

Farasi alikuja. Alikuja akichechemea kwa kwato zile, moja kwa moja, akapanda mwenyewe, akamnusa dobi mikononi na kifuani, akamnusa tena. Dobi alijiona tapeli. Mlango wa lori ulipofungwa alisikia mnyama akigeuka mle ndani, bado anatafuta.

"Tutajaribu," afisa alisema, wala hakusema zaidi. Lori likaondoka.

Walibaki wawili uwanjani. Dobi alisubiri matusi, alikuwa amejiandaa kuyameza yote.

"Siku ile ya hodi," shemeji alisema, "nilikimbia kufungua. Nikakuta ni wewe."

Dobi aliinama akamwaga ile ndoo ya maji yenye ukijani.

"Sema kitu, shemeji," mwanamume alimwomba.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Shemeji aliketi kwenye ngazi ya mlango wake, akafumba macho na kuegemeza kichwa ukutani. Dobi alitamani kukimbia. Badala yake akaanza kumweleza habari za mashuka ya nyumba ya wageni, jinsi wageni wanavyoyaharibu kwa rangi ya kucha, na mwenye nyumba asivyotaka kusikia. Aliongea na kuongea, naye shemeji akiitikia kwa kichwa polepole, na kadiri alivyoongea ndivyo dobi alivyozidi kusikia kwamba anayeongea si yeye, ni dada yake.