Siku Niliyomwosha Njiwa wa Ami Twahir

Nichekeni tu, maana nilivyojiaibisha sina pa kujificha: miaka ile ya tisini, pale Mji wa Kale, nilimwosha njiwa wa mtu kwa sabuni hadharani, na mtu mwenyewe ni yule niliyempelekea posa ya bintiye, Rukia, na jibu nilikuwa bado nalingoja.

Sisi wafugaji njiwa tukimwita ndege kwa rangi yake. Wangu alikuwa Maji ya Kunde, yaani rangi ya maji yaliyochemshiwa kunde, si kahawia hasa, si nyekundu. Akapotea. Kesho yake napita kwa ami Twahir namwona barazani kampakata njiwa mgeni, namuuliza jina, akanambia, "Huyu Damu ya Mzee." Hiyo ni nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, na mimi (nina roho ya kushuku, hata mama akipakua wali, mimi hutazama kwanza sahani ya ndugu yangu) nikawaza papo hapo: mchukue Maji ya Kunde, mpake hina, utapata nini? Damu ya Mzee! Na Rukia ndiye aliyekuwa akipaka maharusi hina mtaani, kwa hivyo nyumba ile hina haikosekani. Tena mbona ami alimfunika bawa niliposogea? Mbona alinikaribisha kahawa upesi upesi?

Ningenyamaza yangeisha. Lakini baada ya sala ya Alasiri, baraza imejaa wazee, nikaenda na ndoo ya maji na kipande cha sabuni.

"Masalkheri, ami. Naomba nimwoshe huyu ndege, tujue ukweli."

Ami Twahir akanipa njiwa kwa mikono miwili, na hapo nikazidi kumshuku (mtu asiye na hatia hatoi kirahisi hivyo!), nikasugua bawa, nikasugua shingo, povu likanijaa kanzu, ndege akanichafulia mkono, na rangi haitoki hata chembe.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hina haitoki kwa sabuni. Kwani kwenu hakuolewi?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mara mama akaita kutoka dirishani kwetu, mtaa mzima ukisikia: "Bakari! Maji ya Kunde yuko huku, alifungiwa stoo ya makaa!"

Nilimkausha ndege wa watu kwa kofia yangu mwenyewe, nikaomba radhi. Ami akasema amenisamehe, ila jibu la posa si lake peke yake.

Jibu likaletwa siku ya tatu na shangazi yake Rukia: binti anashukuru, lakini hawezi kuolewa na mume ambaye kila akijipamba atamsugua ahakikishe kama ni yeye.

Iliniuma, na haki alikuwa nayo. Nikaapa sitamshuku mtu tena mbele ya watu; nikitaka kushuku, nitashuku chumbani kwangu, mlango nimefunga.