Dirisha la Wazee

Mama yangu alipoanza kumimina chai nje ya kikombe, nilijua macho yameharibika. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilishafunga kabisa. Anaishi Maposeni na analima mahindi yake mwenyewe. Kilichomtisha si giza, ni kupelekwa shambani ameshikwa mkono. Mimi ni mwalimu, nakaa Mshangano. Nikamwambia asihofu, siku hizi wazee wa miaka sitini na kuendelea wanatibiwa bure, tena wana dirisha lao.

Sikuwa namdanganya. Bibi mzaa mama alikufa kipofu kwa ugonjwa huohuo, angali na nguvu za kupalilia, kwa sababu hapakuwa na wa kumlipia. Kwa hiyo nilipoliona dirisha lenyewe katika hospitali moja ya mjini, limeandikwa WAZEE kwa rangi nyekundu, moyo ulilainika, na moyo wangu si mwepesi wa kulainika.

Binti wa dirishani alikuwa na adabu. "Shikamoo bibi," akasema. Akachukua kitambulisho cha taifa cha mama, akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena. "Bibi hajafika sitini. Hapa ana hamsini na mbili."

"Umempa shikamoo ya bibi, halafu unasema si mzee?"

"Dada, mimi nafuata kilichoandikwa."

Niligomba. Nakiri niligomba vibaya, mpaka foleni nzima ikageuka. Nikamwambia kwa hesabu hiyo kaka yangu mkubwa alizaliwa mama akiwa na miaka minane. Binti akabana kicheko, akasema nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwetu.

Tulipokaa kwenye benchi nikamuuliza mama aliwaambia nini siku ya kuandikishwa. Akanitajia tarehe bila kusita. Ilikuwa ya ubatizo wake, na alibatizwa akiwa msichana mkubwa, anachota maji na kutwanga.

"Ndiyo tarehe pekee niliyoandikiwa," akasema. "Ya kuzaliwa nani aliiandika? Niidanganye serikali kwa kubahatisha?"

Hasira ilinipanda, kisha ikaniishia. Ukweli wake ndio uliokuwa unamnyima macho.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mtendaji, kijana mgeni kutoka mkoa mwingine. Alitaka shahidi anayemjua mama tangu utotoni. Mama alikuja na jirani yake, mwanamke wa meno machache na maneno mengi, ambaye kadi yake ya wazee huwa ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Huyu dada alinibeba mgongoni," akasema jirani. "Mama yangu akienda kupalilia, mimi namlilia huyu. Leo mimi nina kadi ya wazee, yeye hana. Mtendaji, mbebwa azeeke, mbebaji abaki kijana?"

Mtendaji alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akaiokota akaandika.

Binti wa dirishani aliipokea barua kwa mikono miwili na kumpangia mama siku ya upasuaji. Nilijaa furaha, na majivuno kidogo pia. Nikamshika mama mkono tuondoke, lakini akasimama. Nyuma yetu mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa anaambiwa yaleyale tuliyoambiwa sisi. Hakugomba. Alishukuru, akapokea kitambulisho chake, akageuka kwenda zake.

"Yule anakwenda wapi?" mama akauliza. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kitambulisho chake kinasema hajafika sitini."

"Amekuja na nani?"

"Yuko peke yake."

Mama akauchomoa mkono wake kwenye wangu. "Haki gani hii, mpaka uwe na mtoto wa kugomba? Mfuate."

Nikamwacha kwenye benchi, nikakimbia. Nilimkuta mzee getini. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya barua ya mtendaji, nikamwambia jambo ni jepesi, ni kutafuta tu mtu mmoja anayemjua tangu utotoni.

Aliegemea fimbo yake.

"Wamekufa wote, mwanangu," akasema.