Antene ya Kitwe na Kuku wa Mama Mukwe

Siku ile niliyopanda juu ya mabati ya Papa Kalenga ningali naikumbuka, mwanangu, kwa sababu goti hili la kushoto linanikumbusha kila mvua ikikaribia. Hapana, sikuanguka. Niliteleza tu wakati wa kushuka, na hiyo si habari ya leo.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga, mji wetu huu ungali unaitwa Elisabethville. Nilikuwa kijana wa kuchomelea nyaya katika karakana ya redio mtaani Kamalondo, na nilimpenda Georgina, binti ya Papa Kalenga, mzee wa kutoka mbali, Mitwaba, aliyeendesha treni. Papa hakukataa posa yangu, hakukubali pia. Kila nikienda alikunywa kahawa tu. Halafu Mbelgiji mmoja akakimbia vita, akamwachia televisheni. Mjini kwetu hakukuwa na kituo cha picha, lakini ng'ambo ya mpaka kwa Waingereza, Kitwe, kilikuwepo.

Papa akaniambia, "Kijana, siku ya mungu bandugu yangu bote banakuya. Ukituonyesha picha ya Kitwe, tutaongea habari ya Georgina. Ukishindwa, enda uoe redio."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili ikafika, ndugu zake wakajaa ndani, nami nikapanda na antene.

Sasa nikueleze, maana ninyi mnabonyeza tu. Picha ilitoka Kitwe ina nguvu, ikapita misitu na vichuguu, ikafika kwetu imechoka kama mtu aliyetembea kwa miguu toka Mitwaba. Ikichoka hivyo, kwenye kioo unaona unga, unga wa bukari, ule ugali wetu, unachekechwa, na katikati ya unga kuna mtu anasoma habari. Tena sehemu yake nyingine iligonga mabati ya jirani, ikazunguka, ikafika imechelewa. Basi kila mtu kwenye kioo akawa na mwenzake pembeni. Shangazi Odile, dada ya Papa, akatazama, akasema, "Bale Bangereza bote beko mapacha. Njo maana beko bengi."

Mimi, kwa ujeuri wa ujana, nilikuwa nimefunga kifaa cha kuongeza nguvu. Kweli nguvu iliongezeka, ya unga. Kifaa kile hakijui picha ni ipi na takataka ni ipi. Kinakuza chochote kinachopewa. Nikakiondoa. Ikabaki kugeuza antene yenyewe, na mtu wa kutazama kioo aniambie.

Mwenye macho mazuri pale ndani alikuwa Mama Kalenga, mama yake Georgina. Lakini kwetu mwanaume hasemi na mama mukwe wake, wala hawatazamani. Hivyo Mama alimwambia Papa, Papa alimwambia Shangazi mlangoni, Shangazi akapaza sauti kwangu juu. Mama akisema "hapo hapo", neno likinifikia antene imeshapita. Na Shangazi hakuwa mtu wa kubeba neno bila kulitia chumvi.

Mama alisema, "Kushoto kidogo."

Papa akasema, "Mwambie kushoto, asisinzie."

Shangazi akasema, "We kijana, mukubwa anasema uko mulegevu, Georgina ataolewa na mwingine, geuza kushoto kabisa."

Nikageuza kabisa. Picha ikapotea kabisa. Nikasikia wazee ndani wanatafuta kofia zao, na moyo wangu ukashuka kabla yangu.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, sauti niliyokuwa sijawahi kuelekezewa. Mama Kalenga, macho kwenye kioo, mgongo kwangu. "Wewe uko juu ya nyumba yangu. Acha kumusikiliza huyu. Rudi kuume, polepole. Polepole nimesema. Simama."

Nikasimama. Wale mapacha wakaingiana, unga ukatulia, akabaki mzungu mmoja na tai yake ya mistari. Ukoo mzima ukaguna kwa raha.

Shangazi hakuguna. "Lakini Mama amesema na mukwe," akasema. "Muntu akivunja hiyo mila, mukwe anatoa kuku."

Wazee wakakubali, ndivyo ilivyo. Papa, bila kutoa macho kwenye kioo, akasema, "Njo vile. Alete kuku."

Nikainama mpaka ukingo wa mabati. "Papa, kesho asubuhi naleta. Lakini kuku ile inatolewa na mukwe. Basi mimi ni mukwe?"

Kaka mkubwa wa Papa akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Kalenga, umejifunga mwenyewe."

Papa akanywa kahawa yake, kidogo kidogo, mpaka chini. "Alete mbili," akasema. "Na asishuke. Habari haiyaisha."

Mwanangu, ile picha haikuharibika Kitwe. Iliharibika njiani, na sisi tukaiongezea njia nyingine ya vinywa vitatu. Ukitaka neno safi, sogea karibu na anayeona. Usipaze jambo kabla hujajua unapaza nini; miaka ile niliona watu wanakuza uvumi kama kifaa changu, na majirani wema wakahama usiku bila kuagana. Mimi na Georgina tukigombana tunakaa uso kwa uso, wala hatutumi mtu. Kuuliza si ujinga, na kugeuka polepole si uvivu.

Mungu akupe wakwe wanaocheka, mke au mume anayekuambia ukweli mlango ukiwa umefungwa, na masikio yenye subira. Enda muzuri, mwanangu, ukae na amani.